Ploti ya babu mjini Kisumu

SWALI: Babu alituachia hati ya zamani yenye nambari ya L.R. (Land Reference, nambari ya utambulisho wa ardhi). Ofisi ya ardhi haiioni. Tuanzie wapi?

JIBU: Huenda ploti ilihamishiwa rejista nyingine ikapewa nambari ya bloku, yaani ya sehemu ya mji iliyogawanywa kwenye ramani. Linganisha ramani iliyo kwenye hati na zile za ofisi ya upimaji. Mkipata nambari mpya, cheti cha upekuzi (matokeo ya kutafuta ploti kwenye rejista) hakitoshi. Hicho humtaja mwenye ploti wa leo, si waliomtangulia. Ombeni nakala iliyoidhinishwa ya kadi ya rejista: sehemu B ina wamiliki kwa tarehe, C ina mikopo iliyowekewa ploti kama dhamana. Jina likibadilika baada ya babu kufariki, ulizeni amri ya mahakama ya mirathi iliyotumika. Na msisahau lisi, yaani haki ya kukodi ardhi kwa miaka maalumu! Ya miaka 99 iliyoanza 1920 ilikwisha 2019.