Vanila imetoka wapi kwenye bia ya pipa la wiski?

Ndugu yangu, umeuliza kama hiyo bia nyeusi kali, iliyokaa kwenye mapipa ya wiski, imetiwa vanila kama ile inayolimwa Mukono, Uganda. Si lazima. Harufu hiyo hutoka kwenye mti wenyewe: pipa ni la mwaloni, tena limechomwa moto kwa ndani. Kwa sheria ya Marekani bourbon, yaani wiski ya huko, huwekwa kwenye mapipa mapya, kwa hiyo yakishatumika huuzwa, na watengeneza bia huyagombania.

Tafadhali usiinywe ikiwa baridi kali kama bia ya kawaida ya Nile Special! Baridi huficha ladha. Itoe kwenye friji nusu saa kabla, mimina kidogo kwenye glasi pana, nusa kwanza. Utapata chokoleti, kahawa, kisha ule moto wa wiski kooni. Nyingi huzidi asilimia 10 ya kileo, basi chupa moja mgawane.