Iache hiyo i7-8700, soma jina la mazabodi kwanza

Usilipe. Kama hela bado iko mfukoni, ikae humohumo. Unauliza kama prosesa (ubongo wa kompyuta) ya i7-8700 itaingia kwenye mazabodi (ubao mkuu) yako ya H110 yenye prosesa ya i3-6100, uweke RAM kiasi gani, na kama pawasaplai ya wati 300 inatosha. Kuingia itaingia. Kuwaka ndiyo haiwaki.

Aliyeniuzia yangu alisema "soketi ni moja bosi, zote 1151", huku anahesabu noti. Kwa idadi ya pini hakudanganya, mjanja yule. Ila LGA 1151, yaani hiyo soketi inayokalia prosesa, zipo mbili zenye sura moja. Mazabodi zenye chipseti (chipu inayosimamia ubao) za 100 na 200 (H110, B150, Z170, B250, Z270) zinapokea prosesa za Intel za kizazi cha 6 na cha 7. Za 300 (H310, B360, Z370) zinapokea cha 8, kama hiyo 8700, na cha 9. Kizazi cha 8 kilipotoka 2017, Intel waligawa upya kazi za pini: baadhi ya zile zilizokuwa hazitumiki zikapewa umeme, zikafika 146 kutoka 128. Vikato vya pembeni, vinavyoelekeza prosesa ikae vipi, havikuguswa. Kwa hiyo prosesa inakaa, kifuniko kinafunga, feni inazunguka, skrini giza. Utachomoa RAM, utabadili kebo, utaitukana pawasaplai ya watu bure. Kuna wanaoziba pini kwa tepu na kuchokonoa BIOS (programu ya ubaoni inayowasha mashine). Waache na mambo yao. Yangu sasa inakandamiza karatasi zisipeperuke, na kazi hiyo inaiweza sana.

Mazabodi ndiyo inayochagua prosesa. Fungua programu ya CPU-Z, kichupo cha Mainboard, andika modeli na toleo la BIOS. Namba ya "rev" (toleo la ubao) isome kwenye ubao wenyewe, maana rev 1.0 na rev 2.0 huenda zikatumia faili tofauti za BIOS. Kisha nenda kwenye tovuti ya aliyeutengeneza ubao, tafuta orodha ya prosesa ambazo ubao huo unazikubali. Haimo? Basi, hata muuzaji aape.

Kwa H110 tafuta i7-6700 au i7-7700 humo. Zote wati 65, kore (sehemu zinazofanya kazi) 4, thredi (kazi zinazoshikwa kwa pamoja) 8. Hiyo i3 yako ina kore 2. Achana na 7700K: inakula wati 91, na hiyo K (ruhusa ya kuongeza kasi) unailipia bure kwa sababu H110 haiongezi kasi.

Ukichukua 7700, tazama safu ya toleo la BIOS kwenye orodha ile. Kama lako ni la zamani zaidi, sasisha wakati i3 BADO iko ndani. Ukiitoa kwanza utapata giza lilelile, na hutakuwa na kitu cha kuwashia ubao ili usasishe. Umeme ukikatika katikati ya zoezi ubao unaweza kufa, kwa hiyo tumia UPS (betri ya akiba). Baada ya kubadilisha, chomoa waya wa umeme, toa betri ndogo ya duara ya ubaoni (CR2032) dakika chache, rudisha, ndipo uwashe.

Weka hapa jina la mazabodi na namba ya rev. RAM na pawasaplai tutaongea baadaye.