Wakili aliyekuwa mwendesha mashtaka: usimlipie kujuana na watu

Dada, umeuliza kama ni kweli wakili aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka atamtoa kaka yako gereza la Kodiaga upesi, kwa vile "anawajua watu wa huko". Nilikuwa upande wa mashtaka Nakuru, kisha Kisumu. Sasa natetea washtakiwa.

Kujuana hakumtoi mtu rumande. Hata Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma mwenyewe hawezi kuondoa kesi bila idhini ya mahakama. Kifungu cha 157 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema hivyo waziwazi. Wakili akikuomba pesa za "kuongea na wenzake", mkimbie. Nimeona akina mama wakiuza ng'ombe kwa ahadi hiyo, na inaniuma hadi leo.

Faida ya aliyetoka upande ule ni kuisoma faili. Nilipokuwa mwendesha mashtaka, nilitafuta kwanza pale kesi yangu ingeweza kuvunjikia, na sasa natafuta palepale. Kaka yako ameshtakiwa kwa wizi wa mabavu, na umesema mlalamishi aliporwa simu usiku Nyalenda. Basi jambo la kwanza ni OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi: usiku ule mlalamishi aliripoti nini? Kama alisema "vijana wawili nisiowajua", halafu taarifa aliyoandika baadaye inamtaja kaka yako kwa jina, jina hilo lilitoka wapi? Taa ilikuwa umbali gani? Aliitwa kwenye gwaride la utambuzi, yaani amchague mshukiwa kati ya watu kadhaa waliopangwa mstari, au alionyeshwa kijana mmoja tu kituoni, tayari amefungwa pingu? Na kama polisi wanasema kaka yako alikiri, nani aliandika? Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 25A, inataka jaji, hakimu, au afisa wa polisi asiye chini ya cheo cha inspekta na asiye mpelelezi wa kesi hiyo, tena mbele ya mtu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe.

Maswali hayo hayaulizwi bila karatasi. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kupata mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake. Kwa hivyo muulize wakili yeyote unayemfikiria: utaomba taarifa za mashahidi lini? Kijana aliyemaliza shule ya sheria juzi lakini anasoma kila ukurasa, mimi ningemchukua badala ya mkongwe anayetegemea salamu za koridoni.

Kuhusu bondi, kosa hili adhabu yake ni kifo lakini dhamana bado ni haki, isipokuwa upande wa mashtaka uonyeshe sababu nzito. Kwa kawaida watadai atatoroka au atatisha mashahidi. Tafuteni barua ya chifu inayoonyesha anapoishi, na afisa wa probesheni akija nyumbani kuandika ripoti, akute watu wazima wa familia wakimngoja.

Mama yenu anataka akiri yaishe. Asikiri mashtaka yalivyo. Tangu 2008 sheria inaruhusu makubaliano na upande wa mashtaka, na shtaka likishuka kuwa wizi wa kawaida wa kutumia nguvu, kifungo hakizidi miaka 14. Lakini mazungumzo hayo yaanze baada ya taarifa za mashahidi kusomwa. Huenda mkakuta kwamba hakuna aliyemtambua kabisa.