Maswali yenu: Kabla ya saa 72

*Mdogo wangu alizaliwa mwanamume, ila tangu udogoni anajijua kuwa ni mwanamke. Jana usiku kapigwa na kubakwa na vijana wawili wa mtaani. Hataki hospitali, hataki polisi, anasema watamcheka. Mama anataka tuyamalize kwa sheha. Nishike lipi?*
— Dada mtu, Ng'ambo, Unguja

Dada, shika hospitali. Ya polisi yanaweza kungoja hadi kesho, ila dawa ya kuzuia VVU (PEP) haingoji: ianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inaipunguzia nguvu. Humezwa kwa siku 28. Wengi huiacha katikati kwa sababu ya kichefuchefu, na hapo ndipo inaposhindwa. Ameze baada ya chakula na aendelee. Kama anatumia homoni, amwambie daktari, lakini asiikatae PEP kwa khofu kwamba vitu viwili hivyo vitagombana. Aombe pia dawa za magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini B na ya pepopunda. Damu isiyokata njia ya nyuma, homa au tumbo kukaza ni dharura, muondoke usiku huo huo.

Asioge kabla ya kupimwa. Nguo za jana kila moja itiwe kwenye mfuko wake wa karatasi. Wa plastiki hufungia unyevu, nguo ikaota ukungu na ushahidi ukaharibika. Akiwa keshaoga, nendeni vivyo hivyo.

Mnazi Mmoja kuna Kituo cha Mkono kwa Mkono. Pemba kipo Chake Chake. Daktari, polisi na ustawi wa jamii wako pamoja, kwa hiyo tangulieni kusema: "Kwanza tunataka matibabu." Mlangoni sema wewe: "Amebakwa, tunaomba PEP na chumba cha faragha." Maisha yake hayahitaji kuelezwa mapokezini. Daktari peke yake ndiye aambiwe wazi ni sehemu gani za mwili zilizoguswa, maana vipimo vinafuata hizo. Akiulizwa kwa nini anavaa hivi, jibu lako moja: "Hilo linahusiana vipi na tiba?"

Khofu yake ya polisi si ya bure. Sheria za Zanzibar zinaadhibu ngono ya jinsia moja, na maelezo yaliyoandikwa vibaya yanaweza kumgeuza mlalamikaji kuwa mshitakiwa. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini popote, aonane na mwanasheria. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar hutoa msaada bila malipo. Maelezo yabaki kwenye nguvu iliyotumika: nani, wapi, saa ngapi, walimshika vipi, kwamba alikataa. Simu yake asiikabidhi ikiwa wazi kabla ya kumsikia mwanasheria.

Kwa sheha, hapana. Muhali utaingia, wazee watakaa, mtaombwa msamehe, na habari itafika kila baraza kabla ya magharibi huku vijana wale wakipita mlangoni kwenu. Mama mwambieni kwa upole kwamba kutoipeleka habari kwa sheha ndiko kumsitiri mtoto wake.

Nyumbani msimuulize alikuwa akitafuta nini usiku. Akitaka kusomewa Qur'ani atulie, asomewe. Kumsomea kwa nguvu ili "abadilike" ni kumuongezea jeraha. Akisema amechoka kuishi, asilale peke yake, na dawa zote azishike mtu mwengine, amgaiye PEP yake ya kila siku.

*Mimi nilizaliwa mwanamke, naishi kama mwanamume. Natumia testosteroni na hedhi imekata. Nikibakwa, nitashika mimba?*
— Pemba

Unaweza. Testosteroni si dawa ya uzazi wa mpango, na yai linaweza kupevuka hata bila hedhi. Vidonge vya dharura vimezwe haraka, ndani ya siku 5; kitanzi cha shaba kikitiwa ndani ya muda huo kinazuia zaidi. Kwa vile hedhi haiwezi kukuashiria kitu, pima mimba baada ya wiki 3. PEP iko pale pale, saa 72.