Maswali yenu: Wahakiki wa magazeti na sinema za zamani za Hollywood

SWALI: Shikamoo dada. Mimi nasoma UDOM, nakaa Ng'ong'ona. Wikiendi tumeangalia na wenzangu It's a Wonderful Life, ile ya James Stewart, mwenzangu mmoja akasema eti ilipotoka magazeti yaliiponda na haikuuza. Nikambishia, maana leo kila mtu anaisifia. Nani yuko sahihi?
*Msomaji, Ng'ong'ona, Dodoma*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mwenzako kapatia nusu. Kuuza haikuuza kweli, RKO waliokuwa wanaisambaza waliandika hasara ya kama dola 525,000, ila kusema magazeti yaliiponda hapo katia chumvi. Ilianza kuonyeshwa New York Desemba 1946, na Bosley Crowther, ambaye ndo alikuwa mhakiki mkuu wa New York Times, alimsifia sana Stewart kwa uigizaji wake, kilichomkera ni kwamba filamu inabembeleza mno machozi ya mtazamaji na watu wake ni wema kupita kiasi. Jarida la Time wao waliipenda. Na ikaingia kugombea Oscar ya filamu bora, sasa filamu iliyopondwa na kila mtu ingefikaje huko?

Huu upendo unaouona leo umeletwa na TV. Mwaka 1974 haki miliki yake ilitakiwa ihuishwe, wenye nayo hawakufanya hivyo, basi stesheni za Marekani zikawa zinairusha bila kulipia, Krismasi hii na Krismasi ijayo, mpaka watoto wakakua nayo nyumbani.

Ila nakuomba usimdharau Crowther, watu wengi wanachukua uhakiki wa zamani na kuucheka tu, hawajiulizi uliandikwaje. Yule mtu anaingia ukumbini anaangalia filamu mara moja, hakuna kurudisha nyuma, hakuna kuitazama tena kesho, na mara nyingi maneno yake yanatakiwa yawe gazetini asubuhi. Waandishi wanaoshinda bungeni hapa Dodoma na kutuma habari kabla gazeti halijafungwa wanaijua hiyo presha. Halafu filamu zenyewe zilikuwa zinakuja kila wiki, sio moja. Kwa hiyo ukisoma uhakiki wa 1946 unasoma alichokiona mtu usiku ule, na mimi kwa kweli hiyo naithamini kuliko sifa zilizoandikwa miaka 50 baadaye wakati kila mtu keshajua filamu gani ni kubwa.

SWALI: Habari za kazi dada. Hao wahakiki si walikuwa wanapewa bahasha na studio? Maana hata huku kwetu leo mtu anaiponda Bongo Movie, kesho unamkuta kawa chawa wa prodyuza.
*Msomaji, Mpwapwa*

JIBU: Nzuri kaka, na swali lako ni la maana sana. Bahasha ya mkononi sio iliyokuwa kisu kikubwa, kisu kilikuwa matangazo. Studio zilikuwa zinalipia nafasi magazetini kutangaza filamu zao, na zile tano kubwa, MGM, Paramount, Warner Bros., 20th Century Fox na RKO, zilikuwa zinamiliki na kumbi zenyewe mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotoa hukumu 1948 na wakaanza kulazimika kuziachia. Kwa hiyo ukiudhi studio umeudhi mtengenezaji, mwenye ukumbi na mlipa tangazo kwa pamoja.

Mwangalie Frank Nugent, aliyekuwa na kiti hichohicho cha New York Times kabla ya Crowther. Alikuwa na kalamu kali, filamu za Fox alizichambua bila huruma, na inasimuliwa kwamba Fox walikasirika mpaka wakaondoa matangazo yao kwenye gazeti. Halafu mwaka 1940 ikatoka The Grapes of Wrath, ya Fox haohao, akaisifia kwa moyo wote, na muda si mrefu Fox wakamchukua kwenda kuwafanyia kazi ya maandiko ya filamu. Hapo ndo wengi wangesema tayari, chawa. Mimi sikubali, kwa sababu ile filamu ilistahili sifa, na Nugent baadaye alimwandikia mwongozaji John Ford filamu za Fort Apache, The Quiet Man na The Searchers, kazi ambazo mtu wa kubebwa haziwezi.

Kibaya kweli kilikuwa pale mwenye gazeti mwenyewe anapoingia. Mwaka 1941 RKO walikuwa na Citizen Kane ya Orson Welles, kijana wa miaka 25, inahusu tajiri wa magazeti, na watu wakaona huyu ni William Randolph Hearst mtupu. Louella Parsons, aliyekuwa anaandika safu ya habari za mastaa kwenye magazeti ya Hearst, akaonyeshwa filamu, akatoka amefura. Magazeti ya Hearst yakagoma hata kuitangaza. Wahakiki wa magazeti mengine wakaisifia, Crowther akiwemo, na yeye aliisifia sanasana, ikagombea Oscar 9 ikapata moja ya uandishi, lakini tiketi hazikuuzika vya kutosha, kwa sababu kumbi nyingi ziliogopa kuipokea. Sasa unaona kaka, wahakiki walifanya kazi yao sawasawa ila mtu wa mji mdogo ambaye ukumbi wake haukuileta alibaki hana cha kufanya na hizo sifa. Hilo linaniuma mpaka leo.

SWALI: Hizi nyota wanazopewa filamu zilianza lini? Ni za intaneti?
*Msomaji, Manyoni*

JIBU: Hapana, ni za gazeti. Irene Thirer wa Daily News la New York alianza kuziweka Julai 1928, wakati huo nyota tatu ndo mwisho, na filamu ya kwanza kabisa, The Port of Missing Girls, aliipa moja. Baadaye magazeti mengine yakaiga, wengine wakaongeza zikawa nne.