Msuli unaofanya kazi hausinyai

Swali: Mwalimu, naomba utuamulie. Mama mkwe wangu akishikwa na maumivu ya paja husema "mshipa umekaza". Binti yangu humsahihisha: ni msuli, tena haukazi, kwani daftari lake la sayansi limeandika "misuli husinyaa na kutanuka". Nani yuko sahihi?

Jibu: Kwenye jina, binti ameshinda. Msuli ni mnofu unaovuta mifupa. Mshipa hupitisha damu, na ukiuongezea neno "fahamu" unakuwa neva. Kinachoushikiza msuli kwenye mfupa ni kano. Hata hivyo simlaumu bibi. Mshipa ni neno kongwe lililobebeshwa mengi, hata ngiri, na watu wazima wengi hulitumia kwa chochote kinachouma ndani ya nyama. Daktari atamuuliza ni wapi, naye ataonyesha kwa kidole, yaishe.

Kwenye kitenzi, mshindi ni bibi, na daftari linastahili wino mwekundu.

"Misuli husinyaa." Nimeikuta sentensi hii vitabuni na kwenye michoro ya ukutani, nimewasikia wataalamu ninaowaheshimu wakiitamka, na kila mara huniudhi upya. Jani lililokosa maji husinyaa. Ngozi ya mzee husinyaa. Kinachosinyaa kimepungukiwa na kitu, wala hakikukusudia. Hata umbo la kitenzi linasema hivyo: vitenzi vyetu vingi vya mwisho wa -aa, kama chakaa, zubaa, duwaa na pumbaa, hueleza kilichopatwa na jambo huku chenyewe hakitendi lolote. Si vyote, maana kuvaa ni tendo na kuzaa ni kazi, lakini sinyaa kimo katika kundi la wanyonge. Kosa lenyewe lina harufu ya tafsiri. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa chuma kinachopoa na kwa msuli unaovuta. Mfasiri akachukua kile cha chuma akatubandikia mwilini.

Sasa kunja kiwiko chako kwa nguvu. Tafu la mkono linatuna. Liguse: limekuwa gumu. Litazame tena, kwa sababu hapa ndipo hoja yangu yote ilipo: kitu kimepanda, kimejaa, kimekuwa kigumu, halafu tunamfundisha mtoto aandike kwamba kimesinyaa! Anayetaka ugomvi hutunisha misuli. Wakubwa wawili wakitambiana tunasema wanatunishiana misuli. Waliotuachia usemi huo walikuwa wameutazama mwili kwa macho yao wenyewe. Hakuna aliyewahi kumtisha mwenzake kwa kumsinyalia.

Wala kutuna huko si kuongezeka. Katika karne ya 17 Mholanzi Jan Swammerdam aliuweka msuli wa chura ndani ya chombo cha kioo chenye mrija mwembamba na tone la maji ndani yake. Wakati ule wengi waliamini kwamba msuli hujazwa na kitu kinachotiririka kutoka kwenye neva. Kama ingekuwa hivyo, tone lingepanda. Halikupanda. Msuli hubadili umbo tu: huwa mfupi na mnene, na ujazo wake ni ule ule. Basi kilichosinyaa ni kipi?

Tuingie ndani zaidi, maana huko kitenzi hiki kinazidi kuumbuka. Kila uzi wa msuli una nyuzi nyembamba za protini iitwayo aktini na nene za miosini, zimepangwa zikipishana. Amri ikifika kupitia neva, kalsiamu humwagika ndani ya uzi, vichwa vya miosini hushika aktini, huivuta, huachia, hushika mbele kidogo, huvuta tena, na nishati ya kazi hiyo hutoka kwenye ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli. Mwaka 1954 makala mbili zilizotoka pamoja katika jarida la Nature, moja ya Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, nyingine ya Hugh Huxley na Jean Hanson, zilieleza kwamba nyuzi hizo zenyewe hazifupiki. Hutelezeana, kama vidole vya mikono miwili vinapoingiliana.

Watetezi wa daftari hunijibu: lakini msuli hufupika! Kufupika si kusinyaa. Isitoshe, hata kufupika si lazima. Sukuma ukuta kwa nguvu zako zote: misuli inafanya kazi hadi inatetemeka, na urefu wake haubadiliki. Shusha ndoo ya maji polepole: tafu la mkono linarefuka huku likivuta, kwani likiacha kuvuta ndoo itaanguka. Kitenzi kinachofaa hali zote tatu tunacho: kukaza, au kujikaza ukitaka kuonyesha kwamba msuli wenyewe ndio mtendaji.

"Kutanuka" nako kuondoke. Msuli huvuta, hausukumi. Hauwezi kujirefusha kwa nguvu zake. Hulegea, kisha ukarefushwa na mwenzake wa upande wa pili, au na uzito wa mzigo. Mkono unaponyooka, msuli wa nyuma ndio uliojikaza. Kwa hiyo tuseme kukaza na kulegea.

Kuna msuli unaosinyaa kwa haki. Mguu uliofungwa plasta kwa wiki nyingi hutoka mwembamba. Msuli uliokatiwa neva yake hukonda na kunywea. Hapo neno ni letu na linahitajika. Tukilitumia kwa msuli wenye afya, daktari atamwambia nini mgonjwa ambaye misuli yake inasinyaa kweli? Hiki ndicho kinachonikera kuliko tafsiri mbovu: tumelipa neno la ugonjwa kazi ya uzima, na ugonjwa umebaki bila neno. Ikiwa mwalimu wa binti atashikilia la daftari, aliandike apate alama zake, lakini ajue.

Msuli uliojikaza ukakataa kulegea umekakamaa, au mwenyewe amebanwa na misuli, kama wanavyosema wachezaji. Maiti nayo hukakamaa: ATP imekwisha, na bila ATP vichwa vya miosini haviwezi kuachia.

Nimewahi kupingwa kwamba "moyo hujikaza" kutachanganywa na ushujaa. Anayesoma habari za vali na damu hatadhani anahimizwa avumilie. Andikeni bila wasiwasi: moyo hujikaza ukasukuma damu, kisha hulegea ikaingia nyingine.