Kwa kuruta wa polisi unayeanza mazoezi ya kuingia chumbani kumkamata mtu

Kijana wangu, siku za mwanzo za mazoezi haya utafundishwa hatua. Wa kwanza anashika kulia, wa pili kushoto, mgongo karibu na ukuta, macho kwenye kona. Katika chumba kitupu utazimudu mapema tu. Mimi nimefundisha vijana hapa Moshi kwa miaka kadhaa, na ninachotaka ukishike mapema ni hiki: anayevuka kizingiti ni mwili wako, na mwili una tabia ambazo haziamrishwi kama kwata.

Nikupe lililonipata. Nilikuwa konstebo mgeni, tukaenda usiku kumkamata kijana wa wizi kwenye nyumba ya kupanga, zile zenye korido katikati na vyumba huku na huku. Mlango ulikuwa wazi, pazia limeshushwa. Kazi yangu ilikuwa kutazama kona ya kulia. Nikafunua pazia, nikamwona mama kitandani amekumbatia mtoto mchanga, ananitazama. Macho yangu yakaganda pale. Tuliyemtafuta alikuwa amejibanza nyuma ya mlango, kulia kwangu, karibu kiasi cha kunigusa, mikono juu, anatetemeka. Aliyemwona ni mwenzangu. Kama angekuwa na panga, nisingekuwa naandika haya.

Nilijilaumu kwa uzembe miaka mingi. Kumbe jicho la binadamu huvutwa na uso wa binadamu, na likishashika kitu kimoja huacha vingine. Mwaka 1999, wanasaikolojia Daniel Simons na Christopher Chabris walichapisha jaribio lao: watu waliambiwa wahesabu pasi za mpira kwenye video, na katikati ya wachezaji akapita mtu aliyevaa kama sokwe. Karibu nusu hawakumwona. Na hao walikuwa wamekaa kwenye viti, hakuna aliyewatishia. Wewe moyo unakudunda, uwezo wa kuona pembeni umepungua, hata sauti ya mwenzako unaweza usiisikie.

Kwa hiyo usitegemee kwamba ukishaingia utakumbuka kona. Maliza kazi kubwa ukiwa nje. Simama mbali kidogo na mlango, sogea pole pole kwa upande, na kila hatua ikufungulie kipande kipya cha chumba. Zitabaki kona moja au mbili tu ambazo hujaziona, na hizo ndizo za kujadiliana na mwenzako kabla ya kuvuka.

Kuna jambo la muda pia. Mwaka 1952 William Edmund Hick, mwanasaikolojia wa Uingereza, alionyesha kwamba kadiri machaguo yanavyoongezeka ndivyo mtu anavyochelewa kuitikia. Aliye ndani ameshaamua. Wewe unaona mkono unaingia chini ya godoro: anaficha bangi, anatafuta simu, au anachukua silaha? Hata kuitikia ishara moja rahisi huchukua kama robo sekunde, na hapa una maswali matatu. Mazoezi hayafuti pengo hilo. Umbali na kinga ndivyo vinavyokununulia muda, na mlangoni huna hata kimoja.

Kidole kiwe nje ya triga mpaka umeamua kufyatua. Ukijikwaa au ukishtuka, mkono hujikunja wenyewe, na hapo hakuna nidhamu itakayouzuia.

Mfikirie pia aliye ndani. Mtu aliyeamshwa usingizini, au aliyekunywa gongo, hawezi kutii sauti nne zinazosema mambo manne. Mmoja aseme, wengine wanyamaze. Asipotii papo hapo, huenda hajaelewa, au ni mzee asiyesikia. Na watoto hujificha uvunguni. Hawatatoka kwa kufokewa.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, uamuzi bora wa kuingia mara nyingi ni kutoingia. Zungukeni nyumba, mwiteni kwa jina, mtumieni mwenye nyumba au mwenyekiti wa mtaa azungumze naye akiwa mahali salama. Mtu akisubiriwa hupoa. Nimewaona wengi wakitoka wenyewe, viatu mkononi.

Ila pale mtu anapouawa ndani, kusubiri ni kosa kubwa. Katika mauaji ya shule ya Columbine, Marekani, Aprili 1999, polisi walizingira shule wakasubiri kikosi maalumu, na baada ya hapo mafunzo ya nchi ile yakabadilika: askari wa kwanza kufika aingie. Hata hivyo katika shule ya msingi huko Uvalde, Texas, tarehe 24 Mei 2022, askari walifika mapema, wakasimama koridoni, na zilipita dakika 77 kabla ya muuaji kukabiliwa na kuuawa. Watoto 19 na walimu 2 walikufa. Inaniuma kila nikiisimulia darasani. Kundi likishasimama, kila mmoja humtazama mwenzake, na hatua ya kwanza huzidi kuwa nzito. Amueni mkiwa njiani nani atakayesema twende.

Kila ukitoka kwenye zoezi, kabla mkufunzi hajafungua mdomo, andika ulichokiona: watu wangapi, mikono yao ilikuwa wapi. Kundi langu la mwisho waliingia wanne, wakatoka wakaripoti kwamba chumba ni salama. Nikaita, na mtu niliyekuwa nimemweka nyuma ya mlango akatoka. Tukarudia, safari hii tukianzia mwanzo wa korido.